Sir Arthur Conan Doyle, Aliyeshindwa Kumwua Sherlock Holmes

Mwezi wa Desemba 1893 watu wa Uingereza walifungua gazeti lao la kila mwezi liitwalo Strand Magazine, wakasoma humo kwamba Sherlock Holmes amekufa. Alikuwa ameshikana mwili kwa mwili na adui yake Profesa Moriarty juu ya maporomoko ya maji ya Reichenbach, huko Uswisi, na wote wawili wakatumbukia. Sherlock Holmes hakuwa mtu. Alikuwa jina tu katika hadithi, hana mama wala kaburi. Hata hivyo wasomaji walihuzunika kama watu waliofiwa. Wengine walimwandikia mtungaji barua za matusi, na inasemekana kwamba watu elfu ishirini waliacha kulinunua gazeti lile. Mtungaji mwenyewe alistaajabu mno, kwa maana yeye alijiona kama hamali aliyetua gunia zito.

Mtungaji huyo ni Sir Arthur Conan Doyle, na habari za maisha yake ndizo ninazotaka kuwasimulia wasomaji wa sehemu hii ya Kiswahili. Wengi wetu twamjua Holmes, lakini tukiulizwa juu ya aliyemtunga twanyamaza. Katika maktaba yetu vitabu vya Holmes vimechakaa kuliko vyote isipokuwa kamusi. Majalada yake yameshonwa kwa uzi, na kuna watu waovu katika kidato cha pili ambao huandika jina la mwuaji kwa penseli katika ukurasa wa kwanza ili kuwaharibia wenzao utamu. Basi sina haja ya kuzisifu hadithi zenyewe. Nataka kueleza jinsi mtu mmoja alivyotunga kitu asichokithamini, na jinsi kitu hicho kilivyokataa kumwacha, hata mwisho kikawafaa watu wawili waliofungwa bure.

Arthur Conan Doyle alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, tarehe 22 Mei 1859. Jamaa zake walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Baba yake, Charles, alikuwa karani wa serikali mwenye kipawa cha kuchora picha, lakini ulevi ulimshinda, na baadaye akawekwa katika nyumba za wagonjwa wa akili mpaka akafa. Aliyeishika nyumba ni mama, Mary. Fedha zilikuwa chache na watoto wengi, lakini mama yule alikuwa msimulizi hodari. Akifika mahali pa kutisha katika hadithi alikuwa akishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono, na mtoto Arthur alikaa akitetemeka huku anataka zaidi. Nadhani huko ndiko alikojifunza kazi yake, kabla hajajua hata kuandika.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa alipelekwa Uingereza katika shule ya mapadre wa Kijesuiti, na baadaye kidogo akaingia shule yao kubwa iitwayo Stonyhurst. Maisha ya huko yalikuwa magumu. Viboko vilikuwa vingi na chakula hakikuwa cha kusifiwa, na Arthur hakuwa mtoto mnyamavu, kwa hiyo alipigwa mara nyingi. Lakini siku za mvua, wanafunzi waliposhindwa kutoka nje kucheza, yeye alipanda juu ya dawati na wenzake wakaketi sakafuni kumzunguka, akawatolea hadithi. Malipo yake yalikuwa vitumbua vya Kizungu. Naye alikuwa mjanja: akifika pale ambapo kisu kimeinuliwa juu ya shingo ya mtu, alinyamaza kimya, asiendelee mpaka ameletewa matunda. Mtu aliyekwisha kujua namna hiyo ya kukata hadithi akiwa bado shuleni, mwisho wake atakuwa nini ila kuandikia magazeti?

Alipomaliza Stonyhurst alikaa mwaka mmoja katika shule ya Kijesuiti huko Feldkirch, nchi ya Austria, kisha katika 1876 akaingia chuo kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari. Imani ya wazazi wake alikwisha kuiacha. Jambo hilo liliwaudhi jamaa zake wa London waliokuwa na uwezo wa kumsaidia, akakosa msaada wao.

Huko Edinburgh ndiko alikomkuta mtu aliyemfanya Holmes awezekane. Jina lake Dakta Joseph Bell, mwalimu wa upasuaji. Bell alimchagua Doyle awe karani wake, kazi yake kuwapanga wagonjwa wa nje, kuandika habari zao na kuwaingiza mmoja mmoja chumbani mwa mwalimu, ambamo wanafunzi walikuwa wameketi wakitazama. Siku moja aliingia mwanamume aliyevaa nguo za kiraia. Kabla hajasema ana ugonjwa gani, Bell alimwambia kwamba yeye alikuwa askari jeshi, wa kikosi cha Kiskoti, mwenye cheo kidogo cha kuamrisha wenzake, na kwamba hajaachishwa kazi zamani, na kwamba kambi yake ya mwisho ilikuwa kisiwa cha Barbados. Mtu yule alikubali yote, mdomo wazi. Kisha Bell akawaeleza wanafunzi. Mgonjwa ana adabu, lakini hakuvua kofia, na askari hawavui. Kama angalikuwa ameacha jeshi siku nyingi, angalijifunza desturi za raia. Anajishika kama mtu aliyezoea kutoa amri, na uso wake ni wa Mskoti. Ama Barbados, ugonjwa wake ni matende, nao haupatikani Uingereza bali katika visiwa vile. Wasomaji wetu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaujua ugonjwa huo vizuri, na pengine wangalikisia hilo la mwisho bila ya kwenda chuo kikuu.

Doyle hakuyasahau mambo haya. Lakini kabla ya kuyatumia ilimlazimu kula. Katika 1880, akiwa bado mwanafunzi, alikwenda kuwa daktari katika meli ya kuvua nyangumi iitwayo Hope, akafika katika barafu ya kaskazini, akawinda sili, akaanguka majini mara kadhaa. Mwaka uliofuata, baada ya kufaulu mtihani wake, alichukua kazi ya daktari katika meli Mayumba iliyokwenda Afrika ya Magharibi. Alipofika Lagos homa ilimpata, akawa karibu ya kufa.

Katika 1882 alifungua dawa yake huko Southsea, katika mji wa Portsmouth. Alikuwa na fedha pungufu ya pauni 10. Alipanga nyumba, akaweka viti na meza katika chumba cha mbele peke yake ambamo wagonjwa wangeingia, na vyumba vingine vikawa vitupu. Kibao cha shaba chenye jina lake alikisugua mwenyewe, tena usiku, ili majirani wasijue kwamba daktari hana mtumishi. Wagonjwa walikuja kidogo kidogo, na katikati ya mgonjwa na mgonjwa aliandika. Katika 1885 alimwoa Louisa Hawkins, na mwaka uliofuata akaandika hadithi ndefu ya kwanza ya Sherlock Holmes, A Study in Scarlet.

Hadithi za upelelezi zilikuwako tayari. Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa amemwonyesha mpelelezi wake Dupin tangu 1841, na Doyle hakuficha deni lake kwake. Lililokuwa jipya ni kwamba Holmes alifanya kama Dakta Bell: aliona matope katika kiatu, wino kidoleni, jivu la tumbaku, na kutoka hapo akafika kwa mwizi. Tena Doyle alimpa rafiki, Dakta Watson, ambaye ndiye anayetusimulia. Watson huona kila kitu anachokiona Holmes, nasi twakiona pamoja naye, wala hatufichwi kitu. Ila hatuelewi, naye haelewi. Ndiyo maana tukifika mwisho hatuoni kwamba tumedanganywa, bali twaona kwamba tulilala. Kwangu mimi Watson ni uvumbuzi mkubwa kuliko Holmes. Mtu mwenye akili nyingi aweza kubuniwa na yeyote, lakini kumbuni rafiki yake wa kawaida, mwaminifu, asiye mjinga kabisa, si kazi rahisi.

Wachapaji kadhaa waliikataa hadithi ile. Mwisho kampuni moja ilikubali kuinunua kwa pauni 25, haki zote zikawa zake, na kwa masharti kwamba itangoja mwaka mzima. Ikatoka katika 1887. Doyle hakupata senti nyingine kutoka kwao kwa kitabu hicho maisha yake yote. Hadithi ya pili, The Sign of Four, ilitoka katika 1890 kwa sababu Mmarekani mmoja mhariri wa gazeti aliialika meza ya chakula huko London, ambapo wageni wake walikuwa Doyle na Oscar Wilde, na kila mmoja akaahidi kuandika kitabu.

Basi Doyle aliuacha mji wa Portsmouth, na katika 1891 akaenda Vienna kujifunza matibabu ya macho kwa miezi michache, kisha akafungua chumba cha daktari wa macho London. Kila asubuhi alikwenda kukaa katika chumba chake, akangoja mpaka saa tisa au kumi za mchana. Mwenyewe alisimulia kwamba hakuingia hata mgonjwa mmoja. Msomaji na alikumbuke jambo hili la macho, maana nitalirudia.

Kukaa bure kulimpa nafasi ya kufikiri. Aliona kwamba magazeti ya kila mwezi hutoa hadithi ndefu vipande vipande, na msomaji akikosa toleo moja, uzi umekatika naye haununui tena. Akawaza: vipi kama mtu akiwa yule yule kila mwezi, lakini kisa kikaisha humo humo? Strand Magazine lilikuwa limeanza Januari mwaka ule ule. Kisa cha kwanza kilitoka Julai 1891 pamoja na picha za Sidney Paget, na kabla mwaka haujaisha Doyle alikuwa ameacha udaktari, na watu walipanga mistari mbele ya maduka ya magazeti.

Wengine wangalishukuru. Yeye alichoka. Kazi aliyoipenda ni vitabu vya historia, vya mashujaa wenye mapanga na pinde, kama vile The White Company, ambacho alikifanyia utafiti mwingi. Aliamini kwamba hivyo ndivyo vitakavyokumbukwa, na kwamba Holmes anamzuia asitazamwe kwa mambo makubwa zaidi. Tangu 1891 alikwisha kumwandikia mama yake kwamba anafikiri kumwua Holmes, na mama akamkataza kabisa. Alipoombwa visa vingine akadai pauni 1,000 kwa visa kumi na viwili, akitumaini kwamba watashtuka na kukataa. Wakalipa! Lakini katika 1893 alikwenda Uswisi pamoja na mkewe, akayaona maporomoko ya Reichenbach, akaona kwamba hapo ndipo mahali panapofaa. Mwaka ule ule baba yake alifariki, na madaktari wakagundua kwamba Louisa ana kifua kikuu. Wasomaji waliomtukana hawakuwa na habari za nyumbani mwake.

Mimi nilivisoma vitabu vyake vya historia kwa ajili ya makala hii. Si vibaya. Vita vimeelezwa vizuri, na nguo za watu zimeelezwa vizuri mno. Walakini nilipomaliza sura sikusikia hamu ya kufungua inayofuata, na nadhani wasomaji wa 1893 walikuwa na haki kuliko mtungaji.

Nitapita upesi miaka iliyofuata. Katika 1900 alikwenda Afrika ya Kusini kwenye vita vya Waingereza na Makaburu, akafanya kazi katika hospitali huko Bloemfontein ambako homa ya matumbo ilikuwa ikiua askari wengi kuliko risasi. Hapo alistahili sifa. Aliporudi aliandika kijitabu cha kulitetea jeshi la Waingereza, pamoja na zile kambi ambamo maelfu ya wanawake na watoto walikufa, na hapo simsifu. Katika 1902 akapewa cheo cha Sir. Wakati huo Holmes alikuwa amekwisha kuchungulia tena, katika hadithi ya mbwa wa Baskerville iliyoanza kutoka 1901, ikidaiwa kuwa ni jambo lililotokea kabla ya kufa kwake. Katika 1903, Wamarekani walipotoa fedha nyingi, Doyle alisalimu amri: ikaonekana kwamba Holmes hakutumbukia kamwe, alijinasua kwa ujuzi wa mieleka ya Kijapani, na Moriarty akaanguka peke yake. Visa viliendelea mpaka 1927. Jumla yake ni hadithi ndefu 4 na fupi 56.

Sasa nifike katika jambo lililonifanya nichague maisha ya mtu huyu. Kwa kuwa watu walidhani kwamba mtungaji wa Holmes lazima awe Holmes mwenyewe, walimpelekea shida zao za kweli. Louisa alifariki katika 1906, na katika miezi ile ya huzuni Doyle alisoma habari za George Edalji.

George Edalji alikuwa wakili kijana. Baba yake, Shapurji Edalji, alikuwa Mparsi wa Bombay aliyekuwa Mkristo na kasisi wa Kianglikana katika kijiji cha Great Wyrley, Staffordshire; mama yake Mwingereza. Kwa miaka mingi nyumba ya kasisi yule wa rangi ilikuwa ikiletewa barua za matusi zisizo na jina. Katika 1903 farasi na ng'ombe wa kijiji walianza kukatwa matumbo usiku. Barua zikaja kwa polisi zikimtaja George. Asubuhi moja ya Agosti alipoonekana farasi mdogo amechanjwa, polisi walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kasisi. Baba alishuhudia kwamba yeye na mwanawe hulala chumba kimoja, na mlango umefungwa kwa ufunguo. Haikusaidia. Wanyama waliendelea kukatwa huku George yu rumande. Hiyo nayo haikusaidia. Mjuzi mmoja wa mwandiko aliapa kwamba zile barua ni mkono wa George, na George akahukumiwa miaka saba. Baada ya mitatu alifunguliwa bila ya kuelezwa kwa nini, wala hakusafishwa jina, wala hakuruhusiwa kurudia uwakili.

Mwanzoni mwa 1907 Doyle alipatana naye kuonana katika hoteli moja ya London. Alichelewa kidogo. Alipoingia alimwona kijana ameketi akisoma gazeti, nalo amelishika karibu na uso, tena kwa upande. Doyle alisimama akamtazama. Aliyekuwa daktari wa macho bila ya wagonjwa, miaka kumi na sita baadaye alimpata mgonjwa wake. Aliona mara moja kwamba macho yale hayawezi kuona mbali. Mtu wa namna hiyo atavukaje mashamba yenye matope na njia za reli, usiku wa giza na mvua, atafute farasi, amkate, na kurudi pasipo kuonekana na askari waliowekwa kulinda? Mahakamani hakuna aliyeyataja macho yake.

Doyle hakutosheka na hilo. Alikwenda kijijini akaipima njia kwa miguu yake, akaichunguza miandiko, akaonyesha kwamba yule mjuzi wa mwandiko ndiye aliyekosea katika kesi nyingine mashuhuri, ya Adolf Beck, mtu aliyefungwa kwa makosa ya mwingine. Kisha akaandika yote katika gazeti la Daily Telegraph, akaruhusu kila gazeti liyachape tena bila ya malipo. Serikali ikaunda kamati. Mwezi wa Mei 1907 Edalji alisamehewa kosa la kukata wanyama, lakini kamati ikashikilia kwamba barua aliziandika yeye, na kwa hiyo asipewe fidia hata senti. Doyle alikasirika mpaka mwisho wa maisha yake. Hata hivyo Edalji alirudishiwa uwakili wake, na mwaka ule ule Bunge lilipitisha sheria ya kuweka Mahakama ya Rufani ya Makosa ya Jinai, ambayo Uingereza haikuwa nayo. Kesi za Beck na Edalji zilikuwa miongoni mwa sababu.

Mtu wa pili ni Oscar Slater, Myahudi wa Ujerumani. Huyu hakuwa mtu mwema kama Edalji. Alikuwa mcheza kamari mwenye marafiki wabaya, na Doyle hakumpenda. Mwezi wa Desemba 1908 bibi mzee, Marion Gilchrist, aliuawa nyumbani kwake Glasgow, na kito chake cha kifuani chenye almasi kikapotea. Slater alikuwa na stakabadhi ya kuweka rehani kito kama hicho. Lakini ilipochunguzwa, ilionekana kwamba kito chake ni kingine kabisa, tena alikiweka rehani majuma kadhaa kabla ya mauaji. Kama angekuwa Holmes, faili ingalifungwa pale pale. Polisi wa Glasgow waliendelea kana kwamba hawakuona kitu. Katika Mei 1909 alihukumiwa kunyongwa, na zikibaki siku mbili tu hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Doyle aliandika kijitabu juu yake katika 1912. Hakuna lililofanyika. Katika 1914 ofisa wa upelelezi, John Trench, alipotoa habari zilizoonyesha kwamba ushahidi fulani ulifichwa, yeye ndiye aliyefukuzwa kazi. Slater akaendelea kuvunja mawe katika jela ya Peterhead. Katika 1925 mfungwa mwenziwe aliyefunguliwa alitoka na kikaratasi alichokificha chini ya meno yake ya bandia, akakifikisha kwa Doyle: Slater anaomba asisahauliwe. Doyle, mzee wa miaka sitini na sita, akaanza tena. Slater alitoka Novemba 1927, na Julai 1928 hukumu ikafutwa. Miaka kumi na minane na zaidi ilikuwa imepotea. Alipewa pauni 6,000. Baada ya hapo wawili hawa waligombana vibaya kwa sababu Slater hakutaka kurudisha gharama za kesi ambazo Doyle na wengine walizitoa. Hadithi ya kubuni isingaliisha hivyo, na mimi nimefurahi kwamba hii haikubuniwa.

Nchi ya jirani zetu Congo nayo imo katika maisha yake. Katika 1909 alitoa kitabu, The Crime of the Congo, juu ya mateso ya watu waliolazimishwa kuleta mpira wakati nchi ile ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alipanda jukwaani pamoja na E. D. Morel katika miji mingi ya Uingereza, na watu walijaa ukumbini, wengi wao bila shaka wakitaka kumwona baba wa Sherlock Holmes.

Ni lazima niseme pia juu ya uzee wake, ingawa si raha. Mwanawe Kingsley, aliyejeruhiwa vitani, alifariki 1918 kwa homa ya mafua, na mwaka uliofuata akafariki ndugu yake Innes. Doyle alikuwa amekwisha kuamini kwamba wafu huzungumza na walio hai kwa njia ya waaguzi, na sasa aliitangaza imani hiyo dunia nzima; safari hizo ndizo zilizomfikisha mpaka Kenya mwanzoni mwa 1929. Katika 1922 alichapa kitabu kuthibitisha kwamba wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley wamepiga picha za vijimalaika vyenye mabawa. Wasichana wale walipokuwa vikongwe, katika 1983, walikiri kwamba vilikuwa vikaratasi vilivyokatwa. Watu humcheka kwa jambo hili. Mimi nikifikiri kwamba alikuwa amezika mwana na ndugu, kicheko kinanikauka. Lakini Holmes asingalidanganyika, na ajabu ni kwamba Doyle hakuwahi kumwingiza Holmes katika imani hiyo. Alimwacha kama alivyokuwa, mtu asiyeamini mizimu.

Wapenzi wa Holmes nao wana mchezo wao. Katika 1911 kijana Ronald Knox, ambaye baadaye alikuwa padre Mkatoliki na kuitafsiri Biblia nzima, alisoma huko Oxford hotuba akizichunguza hadithi za Holmes kwa makini yale yale wanayotumia wataalamu wa maandiko ya kale. Ilikuwa mzaha, lakini mchezo ukashika. Jeraha la Watson liko begani katika kitabu cha kwanza na mguuni katika cha pili: basi watu wamebishana karne nzima alipigwa risasi ngapi. Tangu 1934 kumekuwako vyama vyao London na New York. Barua za kumwomba Holmes msaada zilifika Baker Street, namba 221B, ambayo haikuwapo wakati hadithi zilipoandikwa. Na kampuni iliyojenga ofisi yake mahali hapo katika miaka ya 1930 ililazimika kumweka karani wa kuzijibu.

Hata Kiswahili kimepata sehemu yake. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtunga mpelelezi wake Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, na kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapwa 1960. Anayemjua Holmes atawatambua mara moja, lakini mazungumzo ni ya Kiunguja kabisa, na mimi husema kwamba Bwana Msa ana mzaha zaidi. Wanafunzi wa zamani watakaobisha na waandike kwa mhariri.

Doyle alifariki nyumbani kwake Crowborough asubuhi ya tarehe 7 Julai 1930, ameketi kitini, mke wake wa pili Jean akiwa karibu. Alizikwa katika bustani yake, na katika 1955 mwili wake ulihamishiwa kiwanja cha kanisa la Minstead. Jiwe la kaburi limemtaja kuwa mwenye cheo cha Sir, mpenda nchi yake, daktari na mwandishi. Sherlock Holmes hakutajwa. Lakini wageni wafikapo pale, baadhi yao huacha kiko juu ya kaburi.